Sentensi Kumi za Shukrani

Shuleni,
4 Februari

Kwa mama yake Chiriku,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ndiye mwalimu wa darasa la sita, darasa la binti yako, na anwani yako nimepewa na dada yako nilipopita saluni kwake. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu ameniambia simu zenu huwa za haraka, na kwa jinsi nilivyomsikia akiongea, nadhani muda mwingi anaumaliza yeye.

Kwanza nikutoe hofu. Mtoto ni mzima, na masomoni hana tatizo. Nakuandikia kwa jambo jingine.

Mwaka jana shule ililetewa madawati mapya. Kabla rangi haijakauka vizuri yalikuwa yamechorwa kwa ncha za bikari: majina, mioyo, sura yangu yenye pembe. Niliumia. Wanafunzi wangu wa mwanzo kabisa waliandika wakiwa wamekaa sakafuni, na hawa wanachora madawati kana kwamba yameota yenyewe. Nikajisemea, watoto hawa hawajui walichonacho. Basi mwaka huu, kila asubuhi kabla ya hesabu, kila mmoja anasimama na kutaja kitu kimoja anachokishukuru.

Zamu ikimfikia binti yako anasema, "Napita, Mwalimu." Kila siku ni hivyo. Nyumbani mnamwita Chiriku, nami nilidhani mnamtania, maana sijawahi kuona mtoto mkimya kama yule.

Wiki iliyopita niliwaambia wote waandike barua ya shukrani kwa mtu anayewatunza. Yeye alikaa kipindi kizima, akaniletea karatasi yenye maneno mawili, "Kwa Mama", na mkato mbele yake. Nikamuuliza, "Mbona umeishia hapa?" Akajibu, "Sijui anayefuata ni nani." Sikumwelewa.

Nilipomweleza mama yake mkubwa, alimwita pale pale, kitana mkononi na mteja kwenye kiti. "Mama yako anavunjika mgongo huko kwa ajili yako, na wewe neno moja linakushinda?" Mtoto alichukua ufagio, akaanza kufagia nywele.

Naomba umwandikie. Neno la mzazi lina uzito zaidi kuliko langu. Sipendi amalize darasa la sita akiwa hajajifunza kushukuru, hasa kumshukuru mtu kama wewe.

Wako katika malezi,
Mwalimu wa darasa la sita


Hosteli ya wafanyakazi,
20 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Nakuomba radhi kwa niaba ya mwanangu. Mwandiko huu si wangu, ananiandikia mwenzangu wa chumbani tunayemwita Mrefu. Mimi siku hizi mikono imezidiwa na kazi, si unajua tena mambo ya dobi. Hapa tunafua mashuka na taulo za hoteli nzima, na hoteli yenyewe hailali.

Niko salama kabisa. Kazi inaendelea vizuri.

Tafadhali Mwalimu, usimchape na usimsimamishe mbele ya wenzake. Nilipomwacha alikuwa na miaka saba, ametoka tu kung'oka meno ya mbele. Alikuwa anaongea mpaka usingizini. Alikuwa anaweza kukueleza ndoto, akalala katikati ya maelezo, akaamka asubuhi na kuendelea pale pale alipoishia. Ndiyo maana tukamwita Chiriku. Unaponiambia ni mkimya naona kama unanieleza habari za mtoto wa mtu mwingine.

Nimemwandikia kikaratasi, nimekiweka humu. Nimemwambia amsikilize mwalimu wake. Nimemtumia pia viatu vya shule kwa mtu anayekuja huko. Mwambie ni vya ngozi hasa, wala si vile vya kubanduka soli mvua ikinyesha.

Nashukuru kwa kumjali.

Mama yake Chiriku


Shuleni,
6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima wa afya kama mimi nilivyo.

Nakushukuru kwa kunizaa. Nakushukuru kwa kunilea. Nakushukuru kwa kwenda mbali kufanya kazi kwa ajili yangu. Nakushukuru kwa sare. Nakushukuru kwa mkoba. Nakushukuru kwa viatu, ni vizuri, amepewa mtoto wa jirani kwa sababu mguu wangu haukuingia. Nakushukuru kwa chakula ninachokula kwa mama mkubwa. Nakushukuru kwa kuvunjika mgongo. Nakushukuru kwa barua yako. Mwalimu amesema ziwe sentensi kumi na hii ni ya kumi.

Mwanao mtiifu,
Chiriku


Hosteli ya wafanyakazi,
25 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Barua ya mwanangu imefika. Najua ulisimama nyuma yake akiiandika, na najua ulikuwa na nia njema. Lakini naomba leo uniruhusu niseme kama ninavyojisikia, na Mrefu ameniapia kwamba ataandika kila neno bila kulilainisha.

Niliisoma mara moja tu. Nikamwambia Mrefu aikunje. Kila sentensi ilikuwa kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima kwa jirani: hiki hapa, na hiki hapa, haya, hatudaiani. Mwalimu, sikuondoka nyumbani ili siku moja nirudishiwe vyombo.

Mimi nilifiwa na wazazi nikiwa mdogo. Mimi na dada yangu tulilelewa kwa watu, nyumba hii na nyumba ile, na neno tulilofundishwa kabla ya mengine yote lilikuwa ahsante. Ahsante kwa ukoko. Ahsante kwa gauni lenye jasho la mwenye nyumba. Tulilisema haraka haraka, tukitazama uso wa mtu kuona kama ameridhika au tutatafutiwa pa kwenda. Dada yangu alilisema vizuri kuliko mimi, ndiyo maana tulikaa. Shukrani ya namna ile naijua ladha yake. Sitaki mwanangu aionje, tena aionje kwa ajili yangu.

Mtoto akiwa na hasira na mama yake, halafu akaambiwa hasira hiyo ni kukosa shukrani, ataipeleka wapi? Ataimeza. Na akishaimeza hakuna kitu kingine kitakachopita kooni. Nadhani chiriku wangu amenyamaza kwa sababu hiyo.

Sasa niseme na lile lililonileta. Nilikudanganya. Kazi haiendelei vizuri. Mwezi wa kwanza, mkono wangu wa kulia uliingia kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Ni magogo mawili ya chuma, ya moto, yanazunguka yakitazamana. Unalisha shuka huku, linatoka kule limenyooka kama karatasi. Huo mkono sasa una vidole vitatu na havikunjiki. Ndiyo sababu ya mwandiko wa Mrefu. Wamenihamishia kwenye kukunja vitambaa vya mezani kwa mkono mmoja, na mkataba wangu ukiisha katikati ya mwaka hawatauhuisha.

Dada yangu hajui. Mtoto hajui. Naomba wasijue. Nimekwambia wewe kwa sababu kubeba peke yangu kumenishinda, na kwa sababu uko mbali na hutanitazama kwa huruma.

Usimwandikishe tena.

Mama yake Chiriku


Shuleni,
10 Aprili

Mama yangu,

Pole. Nimeliandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu sina jingine. Pole sana.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye dawati moja la nyuma, wanafunzi wameshaondoka, mbele yangu sura yangu yenye pembe. Nimefundisha tangu nikiwa kijana mwenye nywele, na sikumbuki kukosolewa vizuri namna hii.

Kesho yake asubuhi niliwasikiliza wale watoto kwa masikio mengine. Wa kwanza alisema anashukuru kwa uhai. Wa pili, uhai. Wa tatu, uhai na afya. Mmoja anayekaa chini ya bati linalovuja alisema anashukuru kwa mvua, huku akisogeza daftari lake lisilowe. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaliangalia lile bati. Hawakuwa wakishukuru kitu. Walikuwa wakilipa kiingilio cha hesabu. Nimeuondoa utaratibu huo. Nikawaambia, "Kuanzia leo hakuna kusimama." Walishangilia, na hilo nalo nimelipokea kama somo.

Sijaacha kuamini kwamba mtoto anapaswa kujua alichonacho. Ila nadhani nilianzia mlango wa nyuma. Nawezaje kumshukuru mtu nisiyemjua anafanya nini mchana kutwa? Sasa nimewapa kazi nyingine: wamuulize mtu mmoja nyumbani maswali ambayo hawajawahi kumuuliza, wamsikilize mpaka amalize, basi. Wasije kunisomea. Msichana mmoja ambaye baba yake anaoka mikate aligundua kwamba baba huyo hali mkate kabisa, harufu imemkinaisha. Miaka yote alidhani baba anauacha kwa sababu hautoshi wote. Alinieleza hayo getini, macho yamemtoka, bila mimi kumuuliza.

Kuhusu siri yako, nitaitunza, lakini nikwambie ukweli: inanielemea. Juzi Chiriku alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, mama akikuandikia wewe huwa anasema nini?" Nikamwambia anamuulizia maendeleo yake. Akanitazama kidogo. "Barua ya maendeleo ina kurasa tatu?" Nikajifanya kutafuta chaki.

Mama yangu, huyu mtoto hadanganyiki. Afadhali alisikie kutoka kwako. Kuhusu barua, sitamwandikisha. Nimempa bahasha na stempu, nikamwambia akitaka aandike, asipotaka aache, na sitaifungua.

Wako,
Mwalimu


Nyumbani kwa mama mkubwa,
22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii Mwalimu haisomi. Mama mkubwa naye haisomi, naandikia stoo kwenye maboksi ya dawa za nywele.

Mwalimu alisema tumuulize mtu maswali. Wenzangu wote wamewauliza watu wa nyumbani kwao. Mimi nimekuchagua wewe kwa sababu kwenye simu wote wanasikiliza, na mama mkubwa anasema "mwambie mama ahsante," halafu inakata.

Unalala kitanda cha chini au cha juu? Ukiamka kitu cha kwanza unachokiona ni nini? Dirisha lenu linatazama wapi? Kuna mtu anayekuchekesha? Unacheka vipi? Najaribu kukumbuka sauti yako, lakini sasa hivi inakuja kama ya mama mkubwa na sijui kama ni yako kweli au nimeichanganya.

Nani anakuandikia barua? Zamani ulikuwa unaandika mwenyewe, "m" yako ina mkia. Kile kikaratasi cha mwezi wa pili hakina mikia. Nilimuuliza mama mkubwa akasema umechoka. Mtu anachokaje mpaka "m"?

Na swali hili usikasirike. Unanikumbuka mimi, au unamkumbuka yule wa zamani? Kwa sababu viatu ulivyotuma ni vya yule. Mimi sasa hivi nimemfikia mama mkubwa mabegani.

Mwalimu aliponiambia nikushukuru sikukataa kwa ubaya. Nilikuwa sijui nakushukuru nikiwa nani. Yule wa zamani ndiye uliyeondoka kwa ajili yake. Mimi nimekuja baadaye.

Naomba ujibu yote, usiruke.

Chiriku


Hosteli,
9 Mei

Mwanangu,

Barua hii naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Itakuwa fupi na mbaya kama ya mtoto wa chekechea, unisamehe. Mrefu alitaka kunisaidia nikamkatalia.

Nalala kitanda cha chini. Nikiamka naona mbao za kitanda cha juu na neno "vumilia" ambalo mtu aliliandika hapo. Sijui ni nani, aliondoka kabla sijaja. Dirisha linatazama ukuta, ila ukisimama pembeni kabisa unaona kipande cha barabara na mtu anayeuza maua. Anayenichekesha ni Mrefu, anaigiza msimamizi wetu anavyotembea. Nikicheka nakohoa.

Hakuna mkia kwenye "m" kwa sababu mkono wangu wa kulia uliungua kwenye mashine mwezi wa kwanza. Vidole viwili havipo. Vingine vipo lakini havifanyi kazi. Maumivu sasa ni kidogo. Nilikuficha, na Mwalimu nikamwomba akufiche, usimlaumu yeye.

Nikwambie kwa nini nilikuficha. Nilijua watakwambia, "Mama yako ameunguza mkono kwa ajili yako." Sasa nisikilize vizuri. Sikuunguza mkono kwa ajili yako. Niliunguza kwa sababu kinga ya mashine ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka, na tulikuwa tumechoka, na hakuna aliyejali. Huu mkono usiubebe. Si wako. Mtu yeyote akikupa, mrudishie.

Swali la mwisho. Namkumbuka yule wa zamani. Ni kweli. Kila siku namkumbuka yule, kwa sababu ndiye ninayemjua. Wewe sikujui. Nimelia kuandika hilo lakini uliniomba nisiruke.

Nataka nikujue.

Mama


Shuleni,
27 Mei

Mama yangu,

Sijui nikuandikie habari njema au mbaya, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa.

Jumatatu nilikuwa ubaoni nafundisha eneo la duara. Chiriku akaingia amechelewa, hakuwa hata na mkoba. Akasimama katikati ya darasa. "Ulijua!" Nikageuka. "Ulijua kuhusu mkono wake! Ulijua ukanyamaza!" Mama yangu, sauti ile! Madirisha yalitetemeka. Wenzake hawakuwahi kumsikia, mmoja aliangusha rula. Nikasema, "Ndiyo. Nilijua tangu mwezi wa nne."

"Na ile barua ya sentensi kumi? Aliisoma akiwa na mkono vile?"

Ningeweza kukwepa. Nikasema, "Aliisoma, ndiyo."

Alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kama mtoto mdogo sana. Nilikaa naye. Magoti yangu hayapendi sakafu, lakini nilikaa. Nikamwambia mbele ya darasa lote kwamba ile barua haikuwa yake, ilikuwa yangu mimi. Yeye alikuwa kalamu tu. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Ile ya viatu ilikuwa yangu." Kisha akasema, "Na ile ya mgongo."

Tangu siku hiyo ananikasirikia. Anakuja shule, anajibu maswali, haniangalii. Nimemwambia anaruhusiwa. Lakini anaongea, mama yangu. Anaongea na wenzake, anabisha, jana nilimtoa nje kwa kelele. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyoendelea kuongea na mlinzi wa zamu, na ilibidi nigeuze uso nisionekane.

Dada yako alikuja shuleni. Sitakueleza aliyonieleza, yananistahili. Alichokirudia ni kwamba amejua habari za mdogo wake kupitia kwa mtoto.

Humu ndani utakuta karatasi. Chiriku aliiacha mezani kwangu bila neno, ila nyuma ameandika "kwa mama". Ni mguu wake, ameusimamisha kwenye karatasi na kuuchora pembeni kwa penseli. Na ameandika chini yake: "Ni mimi. Chora na wewe mkono wako. Huo huo."

Mwezi wa saba nastaafu, nahamia kwa mwanangu wa kiume. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukipenda.

Mwalimu


Nyumbani,
14 Septemba

Shikamoo Mwalimu,

Nimerudi, na mkono wa kushoto sasa umezoea kalamu. Mkataba uliisha kama nilivyokwambia, na nilishuka kwenye basi mchana wa jua kali nikiwa na begi moja. Mkono nilikuwa nimeuchora na kuutuma, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Au walijizuia. Chiriku alinipita. Alikuwa anatafuta mwanamke mnene zaidi. Mimi nami nilikuwa namtazama msichana mwingine mfupi. Dada yangu ndiye aliyetushika, huku mkono mmoja na huku mwingine, akatugeuza.

Nisikudanganye tena, haikuwa rahisi. Wiki za mwanzo tulikuwa tunapishana kama wageni wa nyumba moja. Nilimkatia ndizi vipande, akaniambia, "Mama, nina miaka kumi na miwili." Tukagombana kuhusu nywele, kuhusu saa ya kuoga, kuhusu mlango. Siku moja alinifokea, "Uliondoka!" nami nikamjibu, "Niliondoka." Alingoja niendelee, niseme kwa ajili ya nani. Sikuendelea. Akakaa kando yangu na tukatazama ukuta. Baadaye akaanza kunisimulia ndoto yake.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike, kwa sababu hata Mrefu hayupo wa kumweleza.

Nilipata chumba cha kupanga mtaa wa pili, chenye dirisha zuri. Jumamosi tulianza kuhamisha vitu vya Chiriku. Dada yangu alisaidia, alikuwa anachangamka kupita kiasi, anatania kila kitu, "Beba na mende wako, sibaki nao!" Tulipobeba kitanda, akasema anaingia stoo kutafuta dawa ya mteja. Siku hiyo hapakuwa na mteja.

Tulikitua nje, nikamfuata. Alikuwa amekaa juu ya maboksi, kanga mdomoni.

Mwalimu, kwa miaka yote ile kila barua na kila simu niliianza na "dada, ahsante." Niliposimama pale mlangoni lilinijia hilo hilo, lilikuwa tayari ulimini. Nikalisikia linavyolia. Lilikuwa lile la utotoni, la kutazama uso wa mtu. Nikalimeza. Nikakaa chini nikamuuliza, "Dada, ilikuwaje kukaa naye?"

Akasema, "Ilikuwa kawaida, watoto ni watoto." Nikasema, "Nieleze."

Akatoa kanga mdomoni. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ndipo akaanza. Alinieleza surua, mtoto amewaka moto na yeye amembeba mgongoni huku anasuka mteja, kwa sababu kila akimlaza alikuwa analia. Alinieleza jino la kwanza la ukubwani. Alinieleza mwanaume mmoja, fundi wa redio, mtu mzuri, aliyetaka kumuoa akamwambia kwamba mtoto si wake, arudishwe kwa wenyewe, naye akamjibu wenyewe hawapo, na huyo bwana hakurudi. Nilikuwa sijui kama kuliwahi kuwa na fundi wa redio. Kwenye simu aliniambia tu redio imetengenezwa.

Halafu akasema, "Mwaka wa kwanza alikuwa ananiita mama. Anaamka, 'Mama.' Anatoka shule, 'Mama.' Na mimi kila mara namwambia, 'Mimi ni mama mkubwa. Mama yako yuko kazini.' Kila mara, mdogo wangu. Mpaka akazoea. Siku alipozoea nilifunga saluni."

Nikamuuliza kwa nini hakumwacha tu amwite hivyo.

"Ungekuta nafasi yako imekaliwa," akasema. "Na lile la 'mshukuru mama, mshukuru mama', najua mlikuwa mnaniona mtu wa kelele, wewe na mwalimu wako. Mtoto alikuwa anakusahau. Kila siku uso wako unafutika kidogo. Ningekutajaje? Kuna njia nyingine tuliyofundishwa sisi?"

Sikujua kama Chiriku yuko nyuma yangu. Alikuwa amesimama na mto wake mkononi, na sijui alianza kusikia wapi. Alinipita, akaenda akajibana pale juu ya maboksi, karibu na mama yake mkubwa, msichana mrefu vile, akamlalia begani. Dada yangu akamwambia, "Utaniangusha, we mtoto, umekuwa mzito." Lakini alimshika.

Mimi nilikaa sakafuni nikiwatazama. Nilingoja wivu uje, haukuja. Kisha dada yangu akanyoosha mguu, akanisukuma kidogo na kidole gumba kama tulipokuwa wadogo tunalala mkeka mmoja, akasema, "Na wewe sogea, sakafu ina baridi."

Nikasogea.

Kitanda tulikiacha barabarani mpaka jirani akaja kuuliza kama tunakiuza.

Mama yake Chiriku